Hesabu Ziende Hadi Bombani

Ukitoka mjini Meru kwa barabara ya Maua, baada ya mwendo mfupi unafika Nchiru. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, na jirani yake ni makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru. Ujirani huo una historia yake. Ardhi ambayo leo imebeba karakana, maabara na mabweni ya chuo, zaidi ya ekari 600, ilitolewa na jamii kupitia wazee hao. Wananchi nao wakajichangisha kwa harambee ili chuo cha ufundi kisimame kwao. Ninyi mnaosomea uhandisi pale mnakanyaga kila asubuhi mchango wa watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika kikokotoo.

Nayasema haya mwanzoni kwa makusudi, maana nimesikia wanafunzi wakizungumza kana kwamba wamepelekwa mbali na mambo makubwa. Wanasema Nairobi ndiko kwenye kazi, ndiko kwenye viwanda, ndiko kwenye majina. Nawaambia hivi: mpo mahali panapofaa kabisa, na mna deni la heshima la kulipa.

Katika miaka ya 1970 vyuo vya ufundi vya harambee vilichipuka kila pembe ya Kenya. Watu wa Nyeri walianzisha chuo cha Kimathi, watu wa Magharibi wakaanzisha chuo cha WECO kule Kakamega, Meru nao wakafuata. Baridi kali ilikuwa imeunguza mikahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na kwa miaka michache mkulima wa miteremko ya Mlima Kenya akashika pesa ambazo hakuwa amewahi kuzishika. Sehemu ya pesa za miaka ile iliingia kwenye harambee za shule na vyuo. Chuo cha Teknolojia cha Meru kilikua polepole hadi mwaka 2008 kilipokuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Embu nao wana safari yao: taasisi ya kilimo iliyoanzishwa mwaka 1947 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2011, na Oktoba 2016 ikapata hati yake. Ongeza Chuo Kikuu cha Chuka katikati ya njia ya Embu na Meru, ongeza Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya na Meru National Polytechnic, nawe utaona kwamba ukanda huu wa mlima una watu wengi wanaofundishwa kupima, kuchora, kuunda na kuendesha mambo.

Kila muhula idara za uhandisi na usimamizi huwa na habari za kutangaza. Wanafunzi wameshinda mashindano ya ubunifu. Mhadhiri amepata ufadhili wa utafiti. Makubaliano yametiwa saini na chuo cha ng'ambo. Kozi imekaguliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Hizo ni habari njema na wanaozitolea jasho wanastahili kupigiwa makofi, tena ya nguvu. Ninachowaomba ni kwamba tuwe na hamu kubwa zaidi ya habari ya aina nyingine, ile inayotangazwa baada ya miaka 10: bomba lililowekwa na wahitimu wetu bado linatoa maji, daraja walilolichora halijaua mtu, mtambo waliousimika unajilipia mafuta, vipuri na mshahara wa fundi wake. Siku tutakapokuwa na habari za namna hiyo nyingi, hakuna mtu atakayeuliza kama chuo cha Nchiru ni kikubwa au kidogo.

Ili tufike huko, uhandisi na usimamizi lazima viishi ndani ya mtu mmoja. Hilo ndilo neno langu kwenu leo, na mfano ulio bora kuliko yote uko hapo kwenu, juu ya milima ya Nyambene.

Milima ile ina kitendawili. Msitu wake ni wa mvua na ukungu, miti inadondosha maji hata siku ambayo haijanyesha. Lakini miamba yake ni ya volkano, ina vinyweleo, inayanywa maji yote na kuyapeleka chini kabisa, hivyo watu wa Igembe na Tigania waliishi miaka mingi chini ya mawingu yaliyoshiba huku akina mama wakitembea masafa marefu na mitungi mgongoni. Pale Tuuru palikuwa na nyumba ya watoto walemavu, wengi wao wakiwa wameathiriwa na polio, na nyumba hiyo ilihitaji maji. Kazi ya kuyatafuta ilimwangukia bruda mmoja Mwitaliano wa shirika la Consolata, Giuseppe Argese, ambaye watu wa huko walimwita Mukiri.

Mukiri aliingia msituni akaangalia. Aliona unyevu ulivyoshikwa na majani, ukadondoka, ukapenya ardhini. Akaelewa kwamba maji yapo, ila yanapita mahali ambapo hakuna anayeyangoja. Kule Mukululu akachimba njia za kuyakusanya ndani ya kilima, akajenga mabwawa na matangi, akayaachia yashuke yenyewe kwa mteremko bila pampu. Kilichoanza kama maji ya nyumba ya watoto kikawa mtandao wa mabomba wa mamia ya kilomita, unaohudumia watu wengi mno katika nchi kavu ya chini. Mradi wa Tuuru upo hadi leo.

Naomba msikomee kwenye kustaajabu. Ukisoma simulizi hii kama mhandisi utakuta ndani yake mambo mawili ya kusomea.

La kwanza ni hesabu. Maji yanayoshuka yana nguvu ambayo mchoro mbaya hauwezi kuihimili. Kila mita 10 za kushuka wima huongeza presha ya takriban baa moja. Bomba la plastiki lililotengenezwa kuhimili baa 10 linamudu mteremko wa mita 100, basi. Kutoka ukingo wa msitu hadi mashamba ya chini unaweza kushuka mita 600, yaani baa 60. Ukilaza bomba moja kwa moja kutoka juu hadi chini, litapasuka usiku wa kwanza ambao watu wamefunga mabomba yao wakalala. Ndiyo maana njiani hujengwa matangi madogo ya kuvunja presha: maji yanaingia tangini, yanapumua hewani, yanaanza upya kutoka sifuri. Mahali pa kuweka kila tangi panatokana na kupima urefu kwa uangalifu, kutembea mtaro wote kwa miguu, na kukataa kubahatisha. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayajua haya yote kwa karatasi. Akiyatembea mara moja tu mlimani hatayasahau.

La pili ni usimamizi, na hapa ndipo miradi mingi inapofia. Kenya inapoteza zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa na kampuni za maji za kaunti, yanavujia ardhini au yanatumika bila kulipiwa. Mdhibiti wa huduma za maji huripoti hivyo mwaka baada ya mwaka. Katika miradi midogo ya vijijini mambo hutofautiana sana kutoka mradi hadi mradi, lakini ugonjwa ni uleule. Wa juu wanafungulia maji usiku kucha kumwagilia viazi, wa chini wanapata hewa bombani. Mweka hazina anaandika mapato kwenye daftari la mtoto wa shule. Valvu inaharibika, hakuna akiba ya kununua nyingine, mtu anaifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na huo mpira unakaa miaka mitatu.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Mradi una nyumba 500, kila nyumba inalipa shilingi 200 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 100,000. Walipe mafundi bomba wawili na karani, weka akiba ya mabomba na valvu, tenga kidogo kwa ukarabati wa banio la maji kule msituni ambalo mafuriko hulijaza mawe kila msimu. Inatosha, kwa kubana. Sasa nyumba 200 ziache kulipa. Umepoteza shilingi 40,000, na ukitazama vizuri utagundua kwamba hizo zilizopotea ndizo zile za akiba na ukarabati, kwa sababu fundi na karani lazima wale. Mradi utaendelea kuonekana mzima kwa mwaka mmoja au miwili. Halafu mvua kubwa itashuka, banio litabebwa, na watu watasema wahandisi walijenga vibaya.

Wahandisi walijenga vizuri. Hawakukaa kuuliza nani ataweka mita, nani atasoma mita, pesa zitalipwa kwa simu zionekane kwa wanachama wote au zitapitia mkononi mwa mtu mmoja, na mkutano mkuu utafanyika mwezi gani ili wakulima wawe na pesa za kahawa au majani chai. Maswali hayo ni uhandisi. Yana majibu yanayopimika kama presha inavyopimika. Mradi wa Murugi-Mugumango upande wa Chogoria, unaoteremsha maji kutoka msituni hadi kwa wanachama wake, ni mmoja wa ile inayotajwa kwa heshima katika ukanda huu, na nawasihi wanafunzi wa usimamizi waende kujifunza kwa watu wa namna hiyo. Mwenyekiti wa mradi wa maji aliyedumu miaka 20 bila kufukuzwa na wanachama ana mengi ya kumfundisha mhadhiri wa usimamizi.

Kuna mfano mwingine, mkubwa zaidi, chini kabisa ya Embu ambako nchi ya Mbeere inakutana na mto Tana. Mabwawa ya Seven Forks yalijengwa kwa miaka 20: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Maji yaleyale yanazalisha umeme mara tano. Masinga, lenye uwezo wa kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 1.5, ndilo ghala. Linafungua na kufunga ili wanne walio chini yake wapate maji hata wakati wa kiangazi. Mtambo wake wenyewe ni wa megawati 40 tu, ilhali Gitaru, lenye bwawa dogo, lina megawati 225 na ndicho kituo kikubwa zaidi cha umeme wa maji nchini. Mtu anayetazama kituo kimoja kimoja atadhani Masinga ni dhaifu. Anayetazama mto mzima ataona kwamba bila Masinga wenzake wangeshinda njaa. Kufikiri kwa namna hiyo, kuuona mfumo wote kwa pamoja, ndiko kunakotenganisha mhandisi na mtu aliyekariri fomula.

Kindaruma nalo lina somo ambalo nalipenda sana. Waliolijenga waliacha nafasi ya mtambo wa tatu, na nafasi hiyo ikakaa wazi zaidi ya miaka 40. Miaka ya 2010 mitambo miwili ya awali ilikarabatiwa, wa tatu ukaingizwa, na kituo kikapanda kutoka megawati 40 hadi 72. Kuna watu walichora ukuta mwaka wa 60 na kitu wakimfikiria mhandisi ambaye alikuwa bado hajazaliwa. Ninyi mnapochora, mchoreeni na huyo ambaye hajazaliwa.

Na msifumbe macho mbele ya upande wa pili. Kwa miaka mingi familia za Mbeere zilitazama nyaya kubwa zikipita juu ya mashamba yao kuelekea Nairobi huku usiku wao ukimulikwa na koroboi. Udongo unaomomonyoka kutoka miteremko ya mlima unashuka na mito hadi Masinga na kula nafasi ya maji. Hiyo ni kazi yenu pia. Kila mtaro wa kukinga udongo katika shamba la mkulima wa miteremko hiyo unaongeza uhai wa bwawa ambalo mkulima huyo pengine hajawahi kuliona. Nani atamlipa kwa hilo, kwa utaratibu gani, kwa kipimo gani? Hapo pana utafiti wa uzamili, na jibu lake nchi nzima inalihitaji.

Msidhani lazima mngoje mabwawa makubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa Mbuiru, upande wa Chuka, walichimba mfereji kwa majembe yao na kusimika mtambo wa kilowati 18 katika mto Tungu, mradi unaojulikana kama Tungu-Kabiri. Kilowati 18 hazitoshi mji. Zinatosha kuchaji betri, kuendesha mashine ya kunyolea, kuwasha mashine ya kuchomelea vyuma, na kumfanya kijana abaki na biashara yake kijijini. Hesabu yake inaingia kwenye kiganja: zidisha 9.81 kwa mita za ujazo zinazopita kila sekunde, zidisha kwa mita za kuanguka, kisha punguza kinachopotea kwenye mashine. Lita 50 kwa sekunde zikianguka mita 60, na ukipoteza asilimia 40 njiani, unabaki na karibu kilowati 18. Mito ya ukanda huu inayoshuka namna hiyo ni mingi: Rupingazi, Ena, Thuci, Mutonga, Kathita, Thingithu, na vijito visivyojulikana nje ya vijiji vyake. Kiwanda cha chai cha Imenti kimetengeneza umeme wa mto wake na kuuza wa ziada kwenye gridi ya taifa. Kiwanda cha wakulima! Mhandisi anayeweza kukaa na bodi ya kiwanda, akawaonyesha kwa shilingi na senti lini mtambo utarudisha mtaji wake, hatakosa kazi mlimani.

Sasa niwapeleke mahali pagumu. Barabara ya Embu kwenda Meru inashuka na kupanda mabonde makali, na bonde la mto Nithi ndilo linalotisha kuliko yote. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka upande wa Meru likielekea Mombasa lilitumbukia bondeni kutoka daraja la Nithi na zaidi ya watu 30 wakafa. Haikuwa mara ya kwanza damu kumwagika pale. Kila ajali ikitokea tunawalaumu madereva, tunaomba, tunazika.

Lakini ninyi mnajua fizikia. Basi lenye tani 15 likishuka mita 100 za wima linaachilia nishati ya kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji baridi. Sehemu kubwa ya nishati hiyo, kama dereva hatumii gia nzito, inaingia kwenye breki. Chuma kinapata moto, padi zinapoteza mshiko, mguu unakanyaga na gari halisikii. Mteremko mrefu unaoishia kwenye kona na daraja unamwadhibu kila atakayekosea hata kidogo. Mhandisi hawezi kuridhika na kibao cha kumwambia dereva apunguze mwendo. Anauliza: kona inaweza kunyooshwa? Njia ya dharura yenye changarawe nzito, ya kupokea gari lisilo na breki, inaweza kuwekwa wapi? Kuna sehemu ya kulazimisha magari makubwa yasimame na kupoza breki kabla ya mteremko? Vizuizi vya kando vinahimili uzito gani? Nawataka wanafunzi wa uhandisi wa ujenzi wa Meru wapime bonde lile sentimita kwa sentimita, mwaka baada ya mwaka, mpaka kila ofisi inayohusika na barabara iwe na michoro yao mezani na ishindwe kusema haijui la kufanya. Hamhitaji ruhusa ya mtu yeyote kuhesabu magari na kupima mwendo wake mkiwa mmesimama mahali salama kando ya barabara.

Nchiru wenyewe tayari wameonyesha kwamba chuo cha mlimani kinaweza kushika tatizo lisilopendeza na kulifanya la kwake. Taasisi yao ya utafiti wa usafi inashughulikia vyoo na kinyesi, jambo ambalo wengi hawataki hata kulitaja mezani, na chuo kinatoa shahada ya uzamili ya fani hiyo kikishirikiana na taasisi ya IHE Delft ya Uholanzi. Choo kinachotenganisha mkojo na kinyesi, taka zinazogeuzwa kuwa mbolea, miji midogo isiyo na mabomba ya maji taka kama ilivyo mingi yetu: hayo ni maisha ya watu wengi kuliko wanaoishi kwenye maghorofa. Nawavulia kofia waliokubali kuifanya kazi hiyo. Wameniongezea imani.

Najua mnachokiwaza. Ajira ni chache. Baada ya shahada mtu anajisajili na Bodi ya Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inataka angalau miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Unatafuta nafasi ya kujifunzia kazi, unaambiwa huna uzoefu. Ni uchungu wa kweli na sitauita fursa. Serikali za kaunti za Meru, Embu na Tharaka-Nithi zina idara za maji, barabara na nishati. Zinapaswa kuwachukua wahitimu hawa na kuwaweka chini ya wahandisi waliosajiliwa ili miaka hiyo ihesabike. Wahandisi wakongwe mnaosoma haya, tieni saini vitabu vya kumbukumbu za vijana, wabebeni kwenye magari yenu kwenda nyanjani. Wapo waliowabeba ninyi.

Nanyi vijana, msiingie kazini mkiwa mikono mitupu. Kaeni na mafundi wa jua kali. Anayechomelea mageti karibu na soko la Gakoromone mjini Meru anajua jinsi chuma kinavyojikunja kikipoa, jambo ambalo kitabu kinakueleza kwa kurasa nne na bado hulishiki. Aliyepitia Meru National Polytechnic anaweza kuifunga pampu gizani. Mwite fundi kwa heshima, mwamkie, muulize. Mradi ambao mhandisi na fundi wake hawasikilizani huwa na nyufa kabla haujazinduliwa. Na ninyi mabinti mnaokaa viti vya nyuma katika madarasa yaliyojaa wavulana, sogeeni mbele. Mama zenu ndio waliobeba mitungi ya Nyambene. Hakuna mwenye haki zaidi yenu ya kuchora bomba.

Jifunzeni kuandika hesabu za pesa kwa usafi uleule mnaoandikia hesabu za nguvu. Jifunzeni kuongoza mkutano wa wanachama 200 wenye hasira, kwa Kimeru, kwa Kiembu, kwa Kimbeere, kwa Kiswahili, bila kuwaficha jambo. Jifunzeni kusema "sijui, nitarudi Jumanne na jibu," kisha mrudi Jumanne. Mkulima wa hapa amedanganywa na miradi mingi; akikuona umerudi siku uliyoahidi atakuamini kwa mambo mengine yote.

Anza likizo hii. Usingoje atachimenti. Nenda kwenye ofisi ya mradi wa maji ulio karibu na kwenu, chumba kile chenye mlango wa bluu na kalenda ya mwaka juzi, umkute mwenyekiti au karani. Jitambulishe vizuri, taja baba na mama yako, taja chuo chako. Omba kuona ramani ya mabomba. Akikuletea, omba ruhusa ya kuitembea kutoka banio hadi nyumba ya mwisho ukiwa na simu ya kurekodi urefu wa mahali, ndoo ya lita 20 na saa ya kupimia ndoo inajaa kwa sekunde ngapi. Andika kila tangi, kila valvu, kila mahali panapovuja. Na akikwambia ramani haipo, kwamba aliyelaza mabomba yale alifariki na hakuna anayejua yamepita wapi, mshukuru, kaa naye unywe chai, umpangie siku ya kuanza kuichora.